Kilimia cha Fundi Rajabu

Cherehani ya Fundi Rajabu ilikuwa na kikohozi. Cherehani nyingine za Kariakoo zilikimbia moja kwa moja, trrrr, mpaka mwisho wa upindo, lakini yake ilikwenda kidogo, ikakwama, ikakohoa kama mzee aliyeamka na mafua, kisha ikaendelea na safari. Nikifumba macho naisikia mpaka leo. Iliamka kabla ya wauza maji, na kabla wachukuzi wa sokoni hawajaanza kutukanana. Ilitoka kwenye baraza ya nyumba ya tatu kutoka kwetu, ikapita juu ya ua wa makuti, ikaingia chumbani nilikolala mimi na Mama mdogo Salima. Mimi kikohozi kile kilinichekesha. Mama mdogo kilimfanya jambo jingine. Aliweza kuwa anafagia, au anakuna nazi, au ananisuka nywele, na cherehani ikikohoa tu mkono wake unasimama hewani, nami nabaki na msuko nusu, kichwa kimeinamishwa, nikingoja mapenzi yapite.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake mama yangu. Mama mwenyewe alikuwa Bagamoyo kwa baba, nami niliachwa mjini nisome Kurani kwa mwalimu wa mtaa, na baadaye nikapata madarasa machache ya shule ya Serikali, ndiyo haya ninayojikongojea nayo hapa. Nyumba za Kariakoo zilikuwa zimepangwa kwa mistari, zote sura moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na juu paa la makuti. Mgeni alipotea mchana kweupe. Babu yangu, mume wa Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa usiku haoni, naye alikuwa mtu wa kukataa kabisa kuambiwa kwamba haoni. Jioni moja alitoka msikitini akaingia nyumba ya jirani yetu Bi Tatu akidhani ni kwake. Akavua viatu, akala wali aliokuta umefunikwa, akalalamika kwa sauti kwamba chumvi imezidi, akaenda kulala. Mume wa Bi Tatu alirudi akamkuta anakoroma kitandani mwake. Babu alifariki, na mume wa Bi Tatu naye akafariki, lakini habari ile haikufariki. Bi Tatu aliisimulia katika kila harusi, na kila aliposimulia alikuwa anaongeza chumvi kwenye ule wali.

Kwa ajili hiyo Bibi aliapa kwamba binti wa nyumba ile haolewi tena na mwanamume asiyeona usiku. Na kipimo chake kilikuwa Kilimia. Kwa asiyekijua, Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogondogo zilizosongamana mahali pamoja, kama vifaranga chini ya bawa la kuku. Miezi ya kaskazi, joto linapokutoa chumbani na mkeka wako, jua likishazama unakiona juu kabisa ya kichwa, kimeelekea kaskazini kidogo. Baadaye kila jioni kinasogea magharibi, na kikifika kimo fulani Bibi alikuwa anatangaza kwamba wakati wa mpunga umefika. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na vijaruba vyao kwenye bonde la Msimbazi, na hakuna aliyemwaga mbegu kabla Bibi, au Bi Hadija kama walivyomwita, hajasema. Alinituma mimi nyumba kwa nyumba: "Bibi anasema Kilimia kimeinama." Basi, kesho yake majembe yanatoka.

Sasa mchumba naye ilibidi akifikie Kilimia hichohicho. Kwa desturi mwenye kuposa hatii mguu kwa wakwe, wanakwenda wazee wake na halua yao. Bibi hakutaka wazee. Alitaka mwenyewe, uani, baada ya magharibi. Alimpa ungo na kunde kiganjani, akamwambia, "Nipangie Kilimia kama unavyokiona." Kutaja idadi tu hakukumtosha, maana idadi mtu anaweza kunong'onezwa. Alitaka kila kunde ikae mahali pa nyota yake, kisha alipitisha vidole juu ya ungo taratibu, kama mtu anayesoma, ndipo akatoa hukumu. Alikwisha kuja karani mmoja wa ghala, akapanga kunde nne, akarudi na halua yake. Akaja muuza samaki wa Kivukoni, kijana mwenye majivuno, akajaza ungo kunde kumi na moja. Bibi akamwambia, "Mwanangu, anayeongeza nyota ataongeza na bei," naye akaenda zake. Bi Tatu alikuwa anachungulia kwenye ua wa makuti kila mara, na asubuhi soko lote lilikuwa linajua.

Mama mdogo Salima hakuwalilia hao wawili. Lakini Fundi Rajabu alipotuma mtu kuuliza siku ya kuja, alikaa jikoni akakuna nazi mbili ilhali tulikuwa hatuna cha kupikia. Tatizo aliliona kila mtu isipokuwa Bibi. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano gizani, lakini kitu chochote kilichopita urefu wa mkono wake kilikuwa ukungu. Nilimshuhudia asubuhi moja akiligeukia gunia la nazi lililoegemezwa kwenye nguzo, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee." Akangoja. Alipokosa marahaba akainamia kazi yake kwa huzuni, akanung'unika kwamba wazee wa siku hizi wana kiburi. Miwani wakati ule tulizoea kuiona kwa makarani na Wazungu. Fundi wa nguo akivaa miwani, wateja wanahamia baraza nyingine.

Mimi nilimpenda Fundi kwa sababu ya vitambaa. Kila mabaki ya bafta na ya khanga aliniwekea, na watoto wangu wa kuchezea walikuwa wanavaa kuliko mimi. Nikamfuata Mama mdogo jikoni nikamwambia, "Nitamfundisha mimi." Akaniangalia, macho mekundu ya moshi na ya mengine, akasema, "Utamfundisha nini, na wewe Kurani yenyewe huendi mbele?" Nikasema, "Kilimia si Kurani. Kilimia hakina irabu." Akacheka, na nikajua amekubali.

Ndipo nikaanza kazi ya kukitazama. Kabla ya hapo nilikuwa nakiona kama watu wote, juujuu, kama unavyoiona sura ya mtu unayempita kila siku. Sasa nilitandika mkeka uani kila jioni, nikalala chali, nikakisoma. Nyota sita zilikuja bila taabu, zimekaa kama kata ya kuchotea maji, yenye mpini mfupi kama umekatika. Ya saba ilikuwa na vituko. Ukiikodolea macho inazimika. Ukijifanya unatazama pembeni, kama huna haja nayo, inajitokeza taratibu. Bibi alikuwa anaiita mwari, kwa sababu hajitokezi kwa anayemkodolea. Nilikaa jioni nyingi nikijifanya sina haja na mwari, mpaka shingo ikapinda, na mwalimu wa Kurani akaniuliza kama nina jini.

Asubuhi nilipeleka habari kwenye baraza. Nilimpangia Fundi vifungo vyeupe kwenye meza ya cherehani, nikamshika kidole nikakipitisha: hapa mdomo wa kata, hapa mpini, hapa mwari. Yeye kwa macho ya mbali alikuwa hana kitu, lakini vidole vyake vilikuwa vina akili kuliko watu wengi. Alishona vifungo vile kwenye kipande cha bafta, akakiweka mfukoni, na mteja akiwa anaeleza habari ya suruali yake, Fundi mkono mmoja uko mfukoni unahesabu nyota. Alifika mahali akawa anavipanga bila kujua. Kuli mmoja wa bandarini alikuja kuchukua shati lake akakuta vifungo vyote vimekusanyika begani, mbele hakuna hata kimoja.

"Fundi, hili litafungwa vipi?"

"Hilo ni la kaskazi," Fundi akasema bila kupepesa. "Kifua kinapata upepo."

Yule kuli akalivaa, akaenda nalo. Wiki ile nzima nilimwona anapita nalo, kifua wazi, ana furaha.

Siku ya mtihani jua liliwaka tangu asubuhi. Mama mdogo alifagia uwanja mara tatu. Babu Kombo, kaka yake Bibi, ndiye aliyesimama mahali pa baba katika posa ya Mama mdogo, naye alikuja na kanzu iliyopigwa pasi akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu. Babu Kombo alikuwa mtu mwema, ila hakutoa neno katika mambo ya nyumba ile mpaka Bibi amkonyeze. Tuliposikia adhana ya magharibi nikatoka kukiangalia Kilimia mara ya mwisho, na sikukiona. Sikuona nyota yoyote. Wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa Msimbazi, zito, jeusi, limeziba mbingu yote kama mtu aliyefunika chungu. Masika ilikuwa imechagua jioni hiyo kupiga hodi.

Nilidhani Bibi ataahirisha. Badala yake akaniita, sauti tulivu kabisa: "Mwanaisha, lete ungo na kunde. Mwambie fundi apite." Nikamtazama Babu Kombo. Babu Kombo akatazama juu, akafungua mdomo, akamgeukia Bibi apate kukonyezwa, hakukonyezwa, akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshika ungo, na Fundi alikuwa tayari anaingia uani na mshenga wake nyuma, kanzu nyeupe, manukato yamemtangulia. Sikupata hata nafasi ya kumkanyaga mguu. Nyuma ya mlango wa jikoni niliona pazia linatetemeka, na hapakuwa na upepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kilimia unakijua?"

"Nakijua."

"Kiko wapi leo?"

Fundi akainua kidevu kama nilivyomfundisha, upande wa magharibi, juu kidogo ya paa la jiko la Bi Tatu, akanyoosha kidole katikati ya wingu lile, jeusi kama mdomo wa tanuri lililozimika. "Kile pale," akasema.

Nikasikia mkwaruzo kwenye ua wa makuti. Bi Tatu alikuwa amefika mahali pake, na kwa sauti ile nilijua ameshajaza khanga mdomoni. Fundi akachukua kunde. Alikuwa amejifunza vizuri mno, ndiyo ilikuwa balaa. Hakupanga harakaharaka kama mwizi. Aliweka kunde moja, akatazama juu, akakaza macho, akatikisa kichwa kama mtu anayehakikisha, akaweka ya pili. Mdomo wa kata, mpini. Alipofika kwa mwari akageuza uso pembeni, akajifanya hana haja naye, akatabasamu alipompata, akaweka kunde ya saba kwa ncha ya vidole. Mshenga wake alikuwa amesimama na sinia ya halua, anatazama wingu, anamtazama Fundi, anatazama wingu, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nimebana kicheko na hofu pamoja, sikujua kipi kitatoka kwanza.

Bibi akauvuta ungo mapajani. Akapitisha vidole kutoka kunde hadi kunde. Kisha akainua uso, akatazama mbinguni muda mrefu, pale pale Fundi alipoonyesha, kama mtu anayemwangalia ndugu yake.

"Sawasawa," akasema. "Na leo kimetulia. Hakitetemeki."

Hapo ndipo Bi Tatu aliposhindwa. Khanga ilimtoka mdomoni, na kicheko kikaja kwanza, maneno baadaye. "Bi Hadija, jirani yangu, hicho Kilimia mnakitazama kwa tundu gani? Mbona wingu limefunga tangu adhana?"

Tone moja la mvua likaanguka kwenye ungo, tap, kunde moja ikaruka. Likaanguka jingine. Bibi akafuta lile tone kwa kidole chake, akakinusa, kama vile mvua ina harufu ya mtu. Sikuwahi kumwona uso ule. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba jambo lililokuwa pale halikuwa tena la Mama mdogo na Fundi peke yao. Bibi yangu, aliyewatoa wanawake wa mtaa mzima na majembe yao, alikuwa hakioni Kilimia, na si kwa sababu ya wingu.

"Kombo," akasema. "Wingu limeanza lini?"

"Tangu magharibi, dada."

"Ukanyamaza."

"Hukunikonyeza."

Fundi Rajabu alikuwa amesimama na kunde iliyobaki kiganjani. Angeweza kuondoka wakati ule, na naamini mshenga alikuwa ameshaanza kurudi nyuma na sinia. Badala yake akapiga magoti mbele ya Bibi, karibu kabisa, mahali ambapo macho yake yalikuwa yanafika. "Bibi," akasema, "mimi sioni. Sijaona nyota tangu utotoni. Hapo ulipokaa, nilipoingia, nilikuona kama nguo iliyoanikwa. Kilimia nimejifunza kwa vifungo."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka mbali. "Na mimi nilikuona kama mtungi," akasema. "Nikasema moyoni, mtungi huu una manukato." Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Babu Kombo alipoona hivyo akacheka na yeye, kwa tahadhari. Kule kwenye ua Bi Tatu alikuwa anangoja fedheha, na kicheko kile kilimharibia. Bibi akamgeukia, au aliugeukia upande ilikotoka sauti yake. "Bi Tatu, ukaisimulie vizuri. Sema wasioona walikuwa wawili, usimbakishe mmoja." Kisha akamwambia kaka yake, "Mume wangu alikuwa haoni na hataki kuambiwa. Huyu kasema mwenyewe, na hakuna aliyembana. Kombo, pokea halua kabla haijalowa."

Pazia la jikoni likaanguka na kamba yake. Mvua ikashuka, tukakimbilia ndani wote, na Fundi akaingia moja kwa moja kwenye banda la kuku.

Waliooana miaka ile wakiwa na macho mazuri wengine wameachana, na Mama mdogo na Fundi bado wapo, wana watoto watano na cherehani mpya isiyougua. Fundi sasa anavaa miwani, maana siku hizi hata mafundi wa Uhindini wanavaa na wateja hawakimbii. Jioni ya kwanza alipoivaa Mama mdogo alimtoa nje akamwonyesha Kilimia cha kweli. Alikitazama sana, akasikitika. "Ndiyo hicho?" akasema. "Mimi nilidhani nyota zake ni kubwa kama vifungo." Kariakoo nayo imebadilika. Makuti yanatoka, mabati yanaingia, kuna taa kwenye njia kubwa, na wasichana wa rika langu wanajua saa ya senema kuliko wanavyojua nyota ipi imeinama. Siwalaumu, senema naipenda. Lakini nikiwa nimelala chini ya bati, mvua ikipiga kelele kama watu wanaomwaga changarawe, huwa nafikiri kwamba zamani tulikuwa tunatazama juu kwa sababu tulikuwa na shida ya huko juu, na sasa shida zetu zote ziko usawa wa macho. Sijui ni nafuu au ni hasara. Bibi naye alifariki akiwa na heshima yake yote. Mpaka mwaka wake wa mwisho ni yeye aliyewatangazia wanawake wakati wa mpunga, na hakukosea. Bi Tatu mwenyewe alikuwa anaapa kwamba macho ya Bi Hadija yalimrudia kwa dawa ya mganga fulani.

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Kaskazi ya mwaka uliofuata ile harusi, Bibi aliacha kutoka uani jioni. Sokoni walikuwa wanamtania, "Bi Hadija, Kilimia kimepita wapi?" naye alikuwa anajibu kwa mzaha, lakini akirudi anajifungia chumbani, anakunja khanga zilizokwisha kukunjwa. Hakuna aliyemwuliza kwa dhati, na siku za mpunga zilikuwa zinapita. Mimi sikuwa na maneno ya kumwambia mtu mzima. Jioni moja nilitoka peke yangu, nikalala chali penye mchanga, nikakitafuta. Nilikikuta kimeinama upande wa magharibi, kata imelalia mpini, kwenye kile kimo chake hasa. Nikaenda nyuma ya choo, nikachomoa jembe la Bibi kwenye makuti, nikalifuta utando wa buibui kwa gauni langu, nikaliegemeza kwenye mlango wa chumba chake, mpini upande wa mkono wake wa kulia, nikaingia kulala.